Mzee Alimmiminia Mke Wangu

Nianze na lililoniuma. Kule Louisville mke wangu alikuwa akimwambia mzee mmoja wa Kiyahudi mambo ambayo mimi, mumewe, sikuwahi kuambiwa. Aliyasema akiwa ameketi, glasi mkononi, na mzee amesimama akimmiminia mvinyo. Watu nikiwasimulia hucheka, kisha huuliza kama niliwafumania. Sikufumania kitu. Mzee alikuwa na umri wa baba yangu mkubwa, alitembea kwa kushika kuta, na binti yake alimpigia simu asubuhi na jioni kuuliza kama amekula. Lingekuwa fumanizi ningejua la kufanya, maana wazee wa kanisa wana utaratibu wake. Kwa wivu wa maneno hakuna kikao kinachoitishwa.

Sisi ni Warundi tuliokulia kambini Tanzania, upande wa Kasulu. Tulioana huko huko, katika kanisa la maturubai, na tulipoletwa Marekani binti yetu alikuwa anatambaa. Mwaka 2014 hivi tulikuwa tumekwishazoea Louisville. Mimi nilipakia vifurushi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, mke wangu akapata kazi ya kutunza wazee majumbani. Nyumbani mazungumzo yetu yalikuwa chumvi imeisha, bili ya umeme imekuja, mtoto anakohoa. Nilidhani ndoa ndiyo hiyo. Nilidhani pia kwamba nimeoa mtu wa maneno machache, na nilijisifia jambo hilo mbele ya wanaume wenzangu ambao wake zao hawakufunga mdomo.

Huyo mzee, mmoja wa hao aliowatunza, alikuwa mwonjaji. Katika gazeti dogo la watu wake aliandika habari za mvinyo wa kosher, yaani ule uliotengenezwa kwa sheria za dini yao, kama Waislamu wanavyokuwa na halali yao. Hakushughulika na makampuni makubwa. Alipenda nyumba ndogo za zamani, zile ambazo ukoo mmoja umezishikilia tangu babu wa babu, wanaotengeneza chupa chache na hawajui hata kujitangaza. Chupa zilimfikia kwa posta zikiwa zimefungwa kwa makaratasi. Alizionja, akawaambia wasomaji ipi inunuliwe kwa meza ya Sabato na ipi iachwe igeuke siki.

Kisha akaanguka bafuni, akagonga kisogo, na pua ikafa. Ulimi ulibaki na chumvi, sukari na uchungu, vingine vyote vikamtoka. Daktari alisema huenda harufu ikarudi. Haikurudi, na chupa zikaendelea kuja. Asubuhi moja mke wangu akafungua friji lake akasema maziwa haya yataharibika kesho. Mzee akauliza, kesho? Akamjibu, ndiyo, kesho. Kesho yake yakaharibika. Hapo mzee akamkalisha mezani.

Kanisa letu halinywi pombe, na mke wangu alimwambia hivyo waziwazi. Mzee akasema hata waonjaji hawanywi, wanatema, akampa kikombe cha bati cha kutemea. Jioni mke wangu alinieleza akiwa anamenya viazi: "Baba, nimeongezewa kazi. Nanusa mvinyo, natia mdomoni, natema."

"Mbele ya mzee wa watu unatema?"

"Ndiyo heshima yake kule." Kisha akaongeza, "Ila chupa siruhusiwi kuigusa. Ikishafunguliwa, mzee mwenyewe ndiye anayemimina."

Sikuuliza zaidi, maana nilijiona nimeelewa. Mimi ni shemasi. Katika kanisa letu wanawake huosha vikombe, hupiga pasi kitambaa cha meza ya Bwana, hupanga kila kitu, lakini kinywaji chenyewe hushikwa na sisi wanaume. Nikasema kumbe Wayahudi nao wako hivyo hivyo, ni mwiko wa wanawake. Yule mzee nikampa alama nzuri moyoni, kabla sijamwona.

Nilimwona Jumapili moja nilipokwenda kumchukua mke wangu. Mlango ulikuwa wazi. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe, na mke wangu ameketi mgongo umenyooka kama mgeni rasmi harusini. Mzee amesimama kando yake, mikono inamtetemeka hata shingo ya chupa ikawa inagonga glasi. Nikasimama mlangoni na funguo za gari. Tangu tuoane sikuwahi kummiminia mke wangu hata maji ya kunawa, kwa sababu kwetu mwanamke ndiye anayepiga goti na birika. Na hapa mwanamume mwingine, mgonjwa, mwenye miaka yake, anamhudumia mke wangu, naye ametulia tu, wala hanyanyuki kumsaidia.

"Unasikia nini?" mzee akamuuliza, kisha akanyamaza.

Kimya chake ndicho kilichonikera zaidi. Hakumharakisha, hakumtajia majibu, hakukohoa. Mke wangu akafumba macho. Nilimtazama uso nikaona sijawahi kuuona umelegea namna ile nje ya usingizi.

"Mkaa," akasema. "Mkaa uliozimwa kwa maji, halafu ukaanikwa."

Mzee akaandika. Mimi nikaoneshwa kochi, nikapewa soda, nikainywa yote bila kujua ni ya ladha gani.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa visa. Akirudi kazini namuuliza, "Leo mlionja nini?" Ananijibu, "Mvinyo." "Ulikuwaje?" "Mzuri." Basi. Nikangoja siku amepika maharage, nikaketi jikoni, nikajifanya mtulivu, nikamuuliza kwa sauti ile ile ya mzee: "Mama, unasikia nini?" Akanusa hewani, akaruka, akasema, "Yanaungua!" Akanilaumu kwamba nimekaa karibu na jiko na sikuzima moto.

Juma lililofuata nikanunua chupa ya maji ya zabibu, nikaweka glasi mbili, nikamvutia kiti. Nikammiminia mwenyewe, kwa mikono miwili. Mke wangu akaitazama glasi, akanitazama mimi, rangi ikambadilika. "Umefanya nini?" akauliza. "Umefukuzwa kazi?" Binti yetu, aliyekuwa na miaka tisa wakati huo na anayetujibu kwa Kiingereza hata tukimwita kwa Kirundi, akasema bila kuinua macho kutoka kwenye simu kwamba Baba ana wivu. Nikamwambia aende akalale, na jua bado halijazama.

Ndiyo, nilikuwa nao, na ulizidi kukua. Mzee hakumficha mke wangu. Aliandika gazetini kwamba pua inayoonja si yake tena, ni ya mama anayemtunza, na wasomaji wakapenda. Mabibi wa Kiyahudi walimsimamisha dukani kumsalimu. Mmoja alimletea keki. Mimi kule ghalani hakuna aliyewahi kuniuliza nasikia nini, na angeniuliza ningesema maboksi na soksi. Nilimwonea wivu mzee kwa maneno aliyopewa, nikamwonea wivu mke wangu kwa kuulizwa. Nilikuwa naumwa pande zote mbili.

Kisha ikaja safari ya Columbus, jimbo la jirani. Kuna nyumba moja ya mvinyo ambayo ukoo wake ulikuwa umeishikilia zaidi ya miaka mia, na wajukuu walikuwa wameamua kuifunga. Mzee alipata chupa zake za mwisho. Binti yake aliishi Columbus, naye akawaalika nyumbani kwake marafiki wa baba yake, waonjaji wazee kama yeye, waziage pamoja. Mzee alichukuliwa Ijumaa kabla Sabato haijaingia, akaomba nimlete mke wangu Jumapili. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Asiyekuwepo na lake halipo, na mimi nilikuwa nimechoka kutokuwepo.

Tulipitia kwa kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, kwenye nyumba za kupanga karibu na Morse Road, tukala ugali na ndagala, dagaa wa kwetu. Alikuwepo jirani yake, mama wa Kikongo kutoka Bukavu mwenye duka la unga na vitenge, ambaye hana soni na mtu. Kaka alimweleza safari yetu. Akaweka tonge chini.

"Donc," akaniambia, "we ndjo unapeleka bibi yako kuonja pombe, na we unangojea inje?"

"Sitangoja nje," nikasema.

"Bon. Kwetu bwana ndjo anakunywaka, bibi anangojea. Amerika imegeuza byote." Akamgeukia mke wangu. "Mama, we kunywa tu. Dereva uko naye."

Kaka alicheka mpaka ndagala wakampalia. Mke wangu naye akacheka, na mimi nikacheka kwa meno tu.

Kwa binti wa mzee tulipokewa vizuri. Nilipewa kiti ukutani, kisha yule binti akaniona nimekaa kama mtu anayesubiri daktari, akanisogeza mezani kando ya mke wangu. Walikuwa wazee wanane hivi, wanaume kwa wanawake. Chupa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Ndipo mzee akaleta ile aliyoitaka yeye, mvinyo wa mizabibu ya zamani kuliko yote katika shamba lile, na ilikuwa chupa moja tu. Akaifungua kwa shida, akammiminia mke wangu kwanza, kisha wawili walio karibu, kisha akapumzika kidogo kwa sababu ya mikono yake.

"Unasikia nini?"

Mke wangu akafumba macho.

"Majani ya mgomba," akasema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Yale yaliyobabuliwa motoni ili yasipasuke. Halafu majivu. Halafu ndizi zilizolala shimoni chini ya hayo majani."

"Shimo la nani?" mzee akauliza.

"La mama."

Nikageuka kumtazama. Akaendelea, macho bado amefumba. Mama yake alikuwa akipika pombe ya ndizi kambini, kwa siri, nyuma ya nyumba, chini ya turubai. Yeye ndiye aliyekuwa mwonjaji wake. Alikuwa mdogo wa kufika kiunoni. Mama alimchovya kidole ndani ya mtungi, akamtia kidole hicho mdomoni, akamtazama uso. Akikunja uso, wanangoja siku nyingine. Akitabasamu, wateja wanaitwa. Kwa pombe hiyo walinunua sare za shule. Baadaye mama akaokoka, akalifukia shimo, akamwambia asilitaje tena mbele ya mtu.

Mke wangu akafumbua macho. "Sijalitaja," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza."

Lazima nieleze mama mkwe wangu ni nani. Ni mwombaji. Ndiye aliyeongoza mikesha ya akina mama kambini. Siku nilipokwenda kuposa, kabla ya habari yoyote ya mahari, aliniuliza mbele ya wajomba kama midomo yangu imewahi kugusa pombe, na nilipositasita alinikazia macho mpaka jasho likanitoka. Huyo ndiye mpika pombe. Na nimelijua hilo Columbus, mezani pa watu, pamoja na watu nisiowajua, na mmoja wao anafuta machozi kwa kitambaa kana kwamba mama mkwe ni wake.

Roho iliniuma sana. Nilitaka niwe mimi. Nilitaka sana niwe mimi niliyemuuliza shimo la nani. Na kwa kuwa saa ya kuuliza ilikuwa imekwishanipita, nikafanya kitu kingine nilichokuwa nimekiwaza tangu Louisville. Nikasimama. Nikaichukua ile chupa mkono mmoja shingoni na mwingine chini, kama ninavyoshika kinywaji cha meza ya Bwana, nikammiminia mke wangu. Kisha nikammiminia mzee, ili ajue na yeye anaweza kuhudumiwa. Kisha nikaanza kuzunguka meza.

Hakuna aliyenizuia, nadhani kwa mshangao. Mama mmoja akafunika glasi yake kwa kiganja. Binti wa mzee akamtazama baba yake. Mke wangu akanivuta koti. "Kaa chini," akaninong'oneza kwa Kiswahili. "Weka hiyo chupa."

"Mimi ni mwanamume," nikamwambia, na sikunong'ona. "Naruhusiwa."

Akajifunika uso kwa mikono.

Mzee hakupaza sauti. Aliniambia niketi, kisha akanieleza taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo. Si mambo ya mume na mke, akasema. Mvinyo wao ukiwa umechemshwa unapotengenezwa, mtu yeyote anaweza kuumimina. Ila ambao haujachemshwa, ukishafunguliwa ukamiminwa na mtu asiye wa dini yao, wao hawaunywi tena. Ni sheria ya zamani sana. Hata binti yangu, akasema, anamruhusu mkeo apike kule kwangu, afue, amlishe baba yake kwa kijiko, lakini chupa kama hii hamruhusu kuigusa. Nyumba hizi za zamani nyingi hazichemshi.

Wengi mezani walikuwa hawajaionja. Ilikuwa chupa moja, na nyumba imefungwa.

Mzee akaisukuma hadi mbele yangu kwa ncha za vidole. "Sasa ni yenu," akasema. "Ni mvinyo mzuri. Msiumwage." Wazee wakainua glasi za maji, wakazungumza habari za theluji, wakajitahidi mno kunichangamkia. Ingekuwa nafuu wangenifukuza.

Tulirudi kwa kaka kuaga. Sisi hatunywi, kwa hiyo chupa akapewa mama wa Bukavu. Akainywa pale pale na kuku wa kukaanga. "Mi siko na iyo sheria," akasema. Alipomaliza glasi ya pili akaipangusa midomo. "Ni muzuri. Lakini haina sukari, iyi."

Barabara ya kurudi Louisville ni ndefu kwa watu walionuniana. Tulikuwa tumepita Cincinnati ndipo nikapata neno.

"Mbona mambo ya shimo la mama hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini?"

"Ningesikiliza."

"Ungesema tuombe." Akatazama dirishani. "Wewe, baba, ukiniuliza kitu, jibu unalo tayari. Unangoja nilitamke tu. Mzee akiuliza, hajui. Anataka kujua."

"Nilimwonea wivu," nikasema. Nilitegemea kwamba kusema hivyo kutanisaidia.

"Najua," akasema. "Meza nzima ilijua."

Mtu mwenye akili angelitafakari lile neno. Mimi nikatafuta njia ya kumtoa mke wangu mezani pale. Nilikuwa na binamu Buffalo, mbali kaskazini, mtaa wa East Side, aliyekuwa akinisifia kila siku kwamba nyumba kule hazina bei na viwanda vinachukua watu bila maswali mengi. Yote yalikuwa kweli. Nikayarudia nyumbani mpaka yakaonekana ni mpango. Mke wangu alinitazama muda mrefu, na nilijua anaona hadi chini kabisa ya mpango huo, kisha akasema sawa. Siku ya kuaga mzee alisimama mlangoni ameshika ukuta. Kwa dini yake hampi mkono mwanamke asiye wake, kwa hiyo aliinamisha kichwa tu, na mke wangu naye akainamisha. Mimi nikapewa mkono. Mkono wake ulitetemeka ndani ya wangu, nami nilikuwa na haraka ya kuingia garini.

Buffalo tulipata nyumba ya ghorofa moja na kibaraza, ukuta wa kushoto umeinama kidogo. Mke wangu akaingia kiwanda cha plastiki, akasimama kwenye mashine ya vifuniko tangu asubuhi. Harufu ya plastiki ilimwingia nywele. Akirudi alivua viatu, akaketi, akasema kichwa kinamgonga. Kisha: chumvi imeisha. Bili ya gesi imekuja. Sikuwa na mtu wa kumwonea wivu tena. Nilikuwa nimeshinda, na nilipokuwa nikikoroga ugali siku mke wangu amechoka, niliutafuta ule ushindi uko wapi.

Katikati ya baridi boksi la mzee likaja, chupa moja ndani. Mzee akapiga simu Jumapili, tumetoka kanisani, binti yetu amekwenda kwa binamu zake. Alisema mke wangu yuko mbali sasa na hakuna Myahudi atakayeinywa chupa hiyo, basi aifungue mwenyewe, ajimiminie mwenyewe, amwambie tu. Ulikuwa mvinyo wa nyumba nyingine ya zamani, ndogo kuliko ile. Pua yake haikuwa imerudi, na aliyemtunza sasa, kijana mwema, alisikia harufu mbili tu: nzuri na mbaya.

Hatukuwa na kifungulio. Nilizamisha skrubu kwenye kizibo nikakivuta kwa koleo. Mke wangu akaweka simu mezani sauti imefunguliwa, kati ya chupa ya chai na sahani ya chumvi, akajimiminia kidogo, akafumba macho. Uso ule ukarudi. Nilikuwa nimeegemea friji. Alizungumza habari za gome la mpera, za jiwe la kusagia lililoloana, za shati la mjomba wake aliyekuwa mhunzi, na kule upande wa pili kalamu ya mzee ilikuwa ikikwaruza. Wivu ukanipanda ule ule, mzima, kana kwamba haukuwa umelala hata siku moja.

"Mumeo yupo?" mzee akauliza.

"Yupo. Ameegemea friji amenuna."

"Mpe glasi."

Nikasema mimi sinywi. "Tema," mzee akasema. Mke wangu akaninyooshea glasi, na mimi nikainusa ili tu yaishe.

"Unasikia nini?"

Nilitaka kusema zabibu. Nikangoja aniongezee, anisaidie, anitajie. Nilisikia pumzi yake tu kwenye simu, na nikasikia pua yangu inanipeleka mahali nisipotaka, na mdomo ukafunguka kwa Kiingereza changu cha ghalani.

Nikamwambia stoo ya parokia. Nilikuwa mdogo, kabla ya Tanzania, na tulikuwa bado Wakatoliki. Tuliingia kujificha, mama na mimi na wengine, katika stoo ambamo padri aliweka divai ya misa, na mtu gizani akavunja chupa kwa mguu. Sakafu yote ilinuka hivi. Nje watu walikuwa wakipita. Mama alikuwa amembeba mdogo wangu wa kike, naye akaanza kulialia. Mama akachovya kidole sakafuni akamlambisha. Akachovya tena. Mdogo wangu akalala, hakulia, na wote tuliokuwamo tukapona. Tulivuka mpaka akiwa amelala. Hakuamka vizuri tena. Alifia upande wa Tanzania kabla hatujapewa hata turubai, na mama aliniambia tusilitaje jina lake, kwa hiyo sijalitaja.

Mzee hakuandika. Nilikuwa nimezoea kukwaruza kwa kalamu, nami sikukusikia. Akasema tu, "Asante."

Nilipoinua macho mke wangu alikuwa amesimama. Siku zote nilimwambia nilizaliwa peke yangu. Aliwahi hata kumwambia mama yangu, pole mama kwa kuzaa mmoja, na mama aliitikia. Akaichukua simu, akamwambia mzee kwa adabu kwamba tutampigia, akakata.

"Ulikuwa na mdogo," akasema.

"Nilikuwa naye."

"Nimekuosha miguu ukiwa na malaria. Nimekuzalia. Hilo unamwambia mzee." Sauti ilikuwa inamtetemeka, na haikuwa huruma. Niliijua, kwa sababu nilikuwa nimeishi nayo tangu Louisville.

Akaivuta glasi kutoka mkononi mwangu, akaiweka mbali, akavuta kiti akaketi mbele yangu magoti yakigusana.

"Anza tena," akasema. "Kwa lugha yetu. Niambie mimi."